Naomba ushauri: binti yangu anatumia mkono wa kushoto, nimfundisheje kroshia?

Habari za leo wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro. Jioni nikishamaliza kupika huwa nafuma vitambaa vya makochi. Sasa binti yangu wa miaka 9 naye kaipenda kroshia, na nimefurahi mno! Shida ni kwamba yeye anatumia mkono wa kushoto.

Akikaa ubavuni kwangu, anaiga kinyume na vitanzi vinamfumuka. Tukikaa tukitazamana, mnyororo anaupata vizuri kabisa, ila tukifika kwenye duara la katikati anapotea: mimi nazunguka kwenda kushoto, yeye kulia, halafu sindano anaichomeka kwenye tundu alilokwisha kulifuma. Bibi yake anasema nimzoeshe kulia tu. Mimi sitaki, maana hata kalamu na mkasi anashika kushoto, na mwandiko wake unapendeza.

Mnaofuma kwa kushoto, duara mlijifunzaje? Na mchoro wa kitambaa nimgeuzie, au aufuate kama ulivyo?

Natanguliza shukrani.