Waliowahi kurenda mandhari nzito ya 3D kwa laptopu ya kuungaunga, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam kutoka Bagamoyo. Naanza mwenyewe.

Nilijenga mtaa mmoja wa Mji Mkongwe kwenye Blender, programu ya kuchonga vitu vya 3D. Mlango mmoja wa nakshi niliupiga picha kila upande, nikazigeuza umbo, ukatoka na pembetatu milioni 3, vile vipande vidogo vinavyounda umbo. Mlango tu! Nikaanza kurenda jioni, yaani kompyuta ikokotoe mandhari iwe picha kamili, nikaenda zangu kula pweza. Narudi, fremu (picha) ya kwanza bado, feni inalia kama mashine ya kusaga. Saa nne umeme ukakatika.

Kesho yake nikaupunguza kwa Decimate, zana ya Blender ya kupunguza pembetatu, hadi elfu 30. Maua yakafutika, mlango ukawa kama sabuni iliyoogewa wiki nzima. Kilichoniokoa ni kubeki: nakshi za ule mzito nikazihamishia kwenye picha, ile ya zambarau inayoudanganya mwanga kuwa hapa pana bonde, pale pana kilima, nikauvisha ule mwepesi. Ukisimama mbele yake hushtukii. Misumari ya shaba ndiyo ilinigomea, kwa ubavuni ilionekana bapa. Nikachonga mmoja wa kweli, iliyobaki nikanakili kwa Alt+D ili yote itumie umbo lile lile.

Mdau wa Kaole: Mkuu, mimi nilipanda minazi 400 nyuma ya magofu, kila mmoja na makuti yake. Laptopu ikazima. Sasa naacha sita ya mbele, ya mbali ni picha mbili zilizosimama msalaba. Ila jua la utosini likaninyima raha, kila mnazi ukaangusha kivuli cha alama ya kujumlisha. Nikahamishia tukio saa ya magharibi, jua likizama, yakaisha.

Mzee wa fremu: Vijana, hayo ya vitu vya mbali kuwa vyepesi mtafiti wa michoro ya kompyuta James Clark aliyaandika 1976. Na 1997 watafiti wengine, Garland na Heckbert, wakaleta hesabu ya kufuta kwanza ukingo (mstari wa pembetatu) ambao ukiondoka umbo haliharibiki sana. Ndiyo maana ukuta ulionyooka hupungua haraka. Ukuta wa matumbawe uliopigwa picha una vipele kibao, hesabu inadhani kila kipele ni cha maana. Ulainishe kwanza.

Fundi kamera: Mimi nilifuta kila kisichoonekana, nikabakiza kuta za mbele tu. Kurenda kukawa mteremko. Mteja akaona, akafurahi, akasema "sasa kamera iingie ndani." Ndani wapi?

Mleta mada: Hahaha, pole. Ulimwongezea bei?

Fundi kamera: Bei gani mkuu, ni shemeji yangu.