Natoka kwenye Forester XT ya petroli, nataka Mazda CX-5 ya dizeli: naombeni ushauri kabla sijalipa

Mnunuzi wa Kibaigwa

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kumiliki dizeli ndogo ya kisasa, hasa wale waliotoka kwenye gari la petroli lenye turbo, kwa maana uamuzi huu unagusa mfuko na moyo kwa pamoja.

Kwa sasa natumia Subaru Forester XT, toleo la SH5, injini ya EJ205 ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu za farasi 230, gia otomatiki za hatua nne. Gari ni zima. Oili hubadilishwa kwa wakati, mkanda wa taimingi ulishabadilishwa pamoja na pampu ya maji, na halijawahi kuchemsha. Nalipenda sana, na sitaki kudanganya kwamba nalichoka.

Kilichobadilika ni kazi. Zamani safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda nyumbani mwisho wa mwaka, lakini sasa nanunua mahindi na alizeti soko la Kibaigwa, na karibu kila wiki niko barabarani: Kimara, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa, na mara nyingine naingia Kongwa na Mpwapwa kwenye vumbi. Siku ambazo sisafiri, gari linatoka Kimara kwenda Kariakoo na kurudi, kwenye foleni. Barabara kuu napata kama kilomita 8 kwa lita nikiendesha kwa utulivu, na mjini ni chini ya hapo.

Nimelenga CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, ya mwaka 2014 au 2015. Ninachoogopa ni vitu viwili. Kwanza, nisije nikajikuta nyuma ya lori kwenye mpando wa Gairo ninakanyaga na gari haliendi. Pili, kila fundi ninayemuuliza ananitajia DPF, lile chujio la moshi la dizeli, kwa sauti ya msiba. Wenye uzoefu, naombeni mnieleweshe.

Turbo Mstaafu

Karibu, mkuu. Nilikuwa na Subaru Impreza WRX, nayo ya petroli yenye turbo, na sasa nina hiyo hiyo CX-5 unayoitaka, kwa hiyo nitajibu lile la kwanza.

Tazama namba zenyewe. Forester yako inatoa farasi 230, ila nguvu yake ya kuvuta ni kama nyutoni-mita 319, nayo inakuja turbo ikishajaa, karibu mizunguko 2,800 kwa dakika. CX-5 ya dizeli ina farasi 175 tu, lakini inavuta nyutoni-mita 420 kuanzia mizunguko 2,000. Maana yake barabarani ni hii: ukiwa nyuma ya lori kwa mwendo wa 60 na nafasi ikapatikana, Forester yenye gia nne inabidi ishushe gia, injini ipige kelele, turbo ijae, ndipo iondoke. Dizeli inaondoka pale pale ilipo, bila kelele, na unashtukia umeshalipita lori. Kwa matumizi yako hiyo ndiyo nguvu unayoihitaji.

Utakachokikosa kipo, na nitakuwa sikutendei haki nisipokisema. Kuanzia kusimama, Forester itaiacha CX-5. Ukifika mizunguko 4,500 dizeli imeshamaliza kazi yake, wakati injini yako ya sasa hapo ndiyo inaanza kufurahi. Na ule mlio wa Subaru hautaupata tena. Mimi ulinichukua muda kuuzoea ukimya huo, ila siku hizi nafika Arusha sijachoka.

Karani wa Hesabu

Ongeza na hesabu. Kimara hadi Kibaigwa kwenda na kurudi ni takriban kilomita 700. Kwa kilomita 8 kwa lita unachoma lita 87 au 88. CX-5 ya dizeli ikiwa na afya hupata kilomita 14 kwa lita kwenye barabara kuu, kwa hiyo utachoma lita 50. Ukisafiri kila wiki, tofauti ni karibu lita 150 kwa mwezi. Bei kikomo za mafuta za EWURA, wadhibiti wa nishati, hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na unajua kwamba kuna miezi dizeli huwa juu ya petroli, lakini hata ikiwa juu, pengo la lita 150 halifutwi na tofauti ya bei ya pampu.

Angalizo ni kwenye kodi ukiagiza kutoka Japani. Injini ya dizeli ina sentimita za ujazo 2,188, hivyo imevuka 2,000 na inaingia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati CX-5 ya petroli ya lita 2.0 ipo kwenye asilimia 5. Juu ya hapo, gari la 2014 haliepuki ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kabla hujatuma pesa. Ukinunua kwa mtu hapa hapa nchini, kodi imeshalipwa, lakini unarithi na namna alivyolitunza.

Fundi wa Ubungo

Hapo pa kurithi ndipo pa kusimama kidogo, maana magari haya yanapokuja gereji yanakuja yameshaharibiwa na matumizi, na lawama zote zinaangukia DPF.

DPF ni chujio la masizi lililo kwenye egzosi. Masizi yakijaa, kompyuta ya injini inaongeza dizeli kidogo mwishoni mwa mwako ili joto la chujio lipande hadi karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji gari liwe kwenye mwendo kwa dakika kadhaa. Ukizima katikati, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha injini hii kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Kwenye magari mengine mnazoea kuogopa oili ikipungua. Kwenye hili ogopa pia ikiongezeka. Ikikaribia X, imwage, hata kama kilomita za kubadilisha hazijafika, kwa sababu hiyo si oili tena.

Ugonjwa ninaouogopa kuliko DPF ni huu. Chini ya kila nozeli inayopulizia dizeli kuna washa, yaani ringi ndogo ya shaba, inayoziba upepo wa mwako. Ikichoka, moshi unavuja na kuingia kwenye oili, masizi yanaganda, kisha yanakwenda kuziba wavu wa kufyonzea oili ulio chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Presha ya oili ikishuka, wa kwanza kufa ni turbo, na mwenye gari anaambiwa anunue turbo. Anainunua, nayo inakufa, kwa sababu hakuna aliyefungua sampu kuutazama ule wavu. Nimefungua sampu ya gari ambalo nje linang'aa kama jipya, na ule wavu ukawa umefunikwa na uji mweusi mgumu, matundu machache tu ya pembeni ndiyo yaliyobaki wazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na iwe ile ya majivu kidogo: iliyoandikwa DL-1 kwa kipimo cha Wajapani, au C3 kwa kipimo cha Ulaya. Oili ya kawaida ya lori itaziba chujio lako kwa majivu, na majivu hayaungui hata ukiliendesha hadi Tunduma.

Dada wa Kitonga

Mimi si fundi, ni mtumiaji. Njia yangu ni Iringa na Dar, na CX-5 yangu ya dizeli sijawahi kuijutia. Mlima Kitonga naupanda nikiongea na abiria kwa sauti ya kawaida.

Nimejifunza kuzisikiliza dalili za chujio kujisafisha: gari likisimama kwenye taa, mizunguko inakuwa juu kidogo kuliko kawaida, ile tabia ya injini kujizima kwenye foleni inasitishwa, na ulaji wa mafuta unaoonekana kwenye skrini unaharibika ghafla. Nikiona hivyo karibu na nyumbani, nyumbani pananisubiri. Naongeza mzunguko barabara kuu mpaka hali itulie, ndipo nazima.

Kuhusu dizeli yenyewe, nchi za Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, na hapa kwetu mafuta huwekewa vinasaba ili yaliyochakachuliwa yajulikane. Hofu iliyobaki ni kituo kimoja kimoja, hasa matangi yanayoingiza maji, na madumu ya kando ya barabara. Najaza kwenye vituo vyenye malori mengi, kwa sababu mafuta yao hayakai. Dumu sijawahi kulikubali, hata mshale ukiwa chini.

Fundi wa Ubungo

Dada amesema kweli. Nozeli za injini hii zinafanya kazi kwa presha inayofikia baa 2,000. Maji kidogo tu yanatosha kuziharibu, na seti ya nozeli nne itakufanya uikumbuke petroli. Chujio la dizeli libadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Mzee wa Boksa

Mimi nitapinga, na naomba nisieleweke vibaya. Mwanzisha mada amesema siku asizosafiri anakwenda Kariakoo kwenye foleni. Kimara hadi Kariakoo asubuhi ni mwendo wa hatua kwa hatua, injini haipati moto wa maana, na ndiyo mazingira yanayoliua chujio. Anabadilisha gari zima ambalo historia yake anaijua, kwa gari ambalo historia yake iko kwenye mdomo wa muuzaji. Kama shida ni mafuta, kwa nini asitazame CX-5 ya petroli? Haina DPF, haina hofu ya kijiti cha X, kodi yake ni ndogo, na kilomita 11 au 12 kwa lita njiani si haba.

Na kama angetaka kubaki na boksa, yaani injini ya pistoni za kulala kama ya Forester yake, ajue kwamba Subaru walitengeneza boksa ya dizeli, EE20, iliyotoka 2008 kwa ajili ya soko la Ulaya. Japani haikuuzwa, kwa hiyo huku kuipata ni shida na spea zake ni shida zaidi.

Mnunuzi wa Kibaigwa

Asanteni sana, wakuu, na nakushukuru pia dada wa Kitonga. Mzee wa Boksa, shikamoo. Hoja yako ndiyo iliyonifanya nikae na kufikiri upya.

CX-5 ya petroli ya lita 2.0 niliijaribu. Ni gari zuri kwa mjini, ila likiwa na watu wanne na mizigo, mpandoni linanirudisha kwenye kile kile ninachokiogopa. Kuhusu foleni, ukweli ni kwamba nakaa hatua chache kutoka kituo cha Kimara, na basi la mwendokasi linanishusha Gerezani, pale pale Kariakoo. Nilikuwa naenda na gari kwa mazoea tu. Nikiamua kwamba dizeli haiendi Kariakoo na kazi yake ni safari, je, pingamizi lako linabaki?

Mzee wa Boksa

Marahaba, mwanangu. Likiwa ni gari la safari peke yake, pingamizi la foleni naliondoa. Linabaki lile la historia ya gari.

Turbo Mstaafu

Na akubali kwamba kila wiki apate mwendo mrefu. Wiki asiyokwenda Kibaigwa, apige hata Chalinze na kurudi.

Mnunuzi wa Kibaigwa

Kuna mmoja anauza ya 2014 pale Sinza. Anasema DPF "ilishatolewa" na kwamba hiyo ni sifa, kwa kuwa sitakuwa na usumbufu. Fundi, hilo ni la kweli?

Fundi wa Ubungo

Hiyo si sifa, ni swali. Chujio halitolewi likiwa zima. Lilitolewa kwa sababu lilijaa, na kuna kitu kilicholijaza: nozeli zinazovuja, vali ya EGR (ile inayorudisha moshi kwenye injini) iliyoganda, turbo inayopitisha oili, au mwendo wa foleni tupu. Aliyetoboa chujio aliondoa taa kwenye dashibodi, chanzo akakiacha ndani. Moshi mweusi utawapulizia walio nyuma yako, na kama programu ya injini haikurekebishwa vizuri, itaendelea kumwaga ile dizeli ya kusafishia chujio ambalo halipo, na oili yako itapanda siku hadi siku. Hilo la Sinza liache.

Ukipata jingine lenye chujio lake, fanya hivi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, uliwashe mwenyewe likiwa baridi, na usikilize boneti ikiwa wazi: mlio wa chaf-chaf juu ya nozeli ni washa zinazovuja. Chomoa kijiti, tazama oili iko wapi na inanuka nini. Ikinuka dizeli, uliza ilibadilishwa lini. Lipimwe kwa mashine ili tuone chujio limejaa kiasi gani na nozeli zinajisahihisha kwa kiwango gani. Kisha, kabla ya pesa kutoka, tuteremshe sampu tuutazame wavu. Gharama ya kufungua na kuziba sampu utailipa wewe, na muuzaji anayejiamini hatakataa.

Mnunuzi wa Kibaigwa

Nimeelewa. La Sinza nimeliacha, na nimempigia mwenye gari jingine Morogoro, ambaye analitumia kwenda Dodoma na anazo risiti za oili. Amekubali sampu ifunguliwe. Forester siiuzi mpaka majibu yatoke. Fundi, nitakutafuta tupange siku.

Fundi wa Ubungo

Jumamosi asubuhi nina nafasi. Tutoke mapema, na umkumbushe asiliwashe.