Sevisi chaji: nalipia fremu tupu za mwenye jengo, na paa lake jipya juu!

Wakuu, mniwie radhi, naandika nikiwa na hasira. Hili jambo limeninyima usingizi tangu juzi.

Nimepanga fremu ya biashara kwenye jengo la ghorofa. Kodi ya pango nalipa kwa wakati, sidaiwi. Juu ya kodi ndiyo kuna hii sevisi chaji: usafi wa korido, taa za nje, ulinzi, lifti, bima ya jengo. Kila mwezi natanguliza makadirio, mwaka ukiisha wanapiga hesabu ya matumizi halisi. Kama nilizidisha wananirudishia, kama nilipunguza namalizia. Kurudishiwa sijawahi, sijui ni mkosi gani.

Juzi nafungua nakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Mistari saba tu, na uliobeba pesa nyingi kuliko yote umeandikwa "matengenezo mengineyo". Jumla inakaribia kodi ya miezi mitatu!

Nikashika kikokotoo. Mkataba unasema mchango wangu ni ukubwa wa fremu yangu gawanya kwa eneo lote linalopangishika. Fremu yangu ina mita za mraba 80, jengo zima 2,000. Hiyo ni asilimia 4, haihitaji mhasibu. Wao wameniandikia 6.4! Nimehangaika weee, mpaka nikagundua wamegawa kwa 1,250, yaani zile mita zenye wapangaji tu. Fremu za ghorofa ya tatu, zile zenye makufuli yaliyoota kutu, zimefutwa kwenye hesabu. Kwa hiyo mwenye jengo akikosa wapangaji, pengo tunaliziba sisi tuliobaki. "Linalopangishika" limegeuzwa kimyakimya kuwa "lililopangishwa", na mzigo wangu umepanda kwa asilimia 60.

(Najua kuna mikataba inayoruhusu gharama zinazofuata idadi ya watu, kama maji na usafi, zipandishwe kwenye hesabu kana kwamba jengo limejaa. Sawa, ila hapo nako wanagawa kwa jengo zima. Mwenye jengo wetu kagawa kwa mita zenye wapangaji tu.)

Sasa njooni kwenye paa. Nilipombana meneja wa jengo, "mengineyo" kumbe ni paa jipya. Jamani, kuziba sehemu inayovuja ni matengenezo, nichangie bila kelele. Kung'oa paa zima na kuezeka upya ni mwenye mali anaongeza thamani ya mali yake. Paa hilo likiezekwa vizuri litakaa miaka 20, mimi mkataba wangu umebaki miezi 14. Angesambaza basi gharama kwa miaka yote hiyo, nikatoa ya miezi yangu. Wapi! Yote kaibwaga mwaka huu. Nikihama nilifungashe kwenye mizigo?

Na chini kabisa, ada ya usimamizi, asilimia 15 ya jumla. Ya jumla, pamoja na bima na paa! Paa likizidi kuwa ghali, ndivyo msimamizi anavyozidi kuvuna. Na mshahara wa meneja huyo huyo umo mstari wa pili, "watumishi".

Nimeomba kuona ankara na risiti. Nimejibiwa, "Mbona wenzako wamelipa?"

Mtaniambia ningesoma mkataba. Nilisoma kodi, muda, na notisi ya kuhama. Kiambatisho cha sevisi chaji nilikipitia juu juu, hilo kosa ni langu. Nimekisoma jana usiku: nina haki ya kukagua vitabu na kupinga hesabu ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua. Tarehe ya barua, si ya kuipokea. Na barua imeandikwa tarehe ya siku 19 kabla sijaikuta mlangoni. Siku naikuta, zilikuwa zimebaki siku 11 tu.

Kesho asubuhi napeleka pingamizi kwa maandishi, nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ninachotaka kwenu mliowahi kupita hapa: nilipe ile asilimia 4 bila paa, nikiandika wazi kwamba zilizobaki napinga, au nisitoe hata senti mpaka nione risiti? Maana kuna kifungu cha kufungiwa mlango kwa malimbikizo, na jirani yangu wa fremu ya pili tangu asubuhi hapokei simu.