Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: nani atalala mjini na pwani ipo Nungwi?

BintiMalindi:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Malindi, chini duka la vitambaa la marehemu babu, juu tukikaa wenyewe. Kaka anataka tuiuze tununue kiwanja pwani ya Paje. Hoja yake: mgeni kaja Zanzibar kwa bahari, akishuka ndege anapelekwa Nungwi moja kwa moja. Mimi nataka iwe nyumba ya wageni hiihii. Yupo aliyejaribu? Na vyumba vipanuliwe? Ni vyembamba mno.

MtembezaForodhani:
Kaka yako kasema nusu. Nungwi wanakwenda kweli, ila wakishachoka kuungua jua, asubuhi gari za mahoteli zinawashusha mjini. Mchanga wanao, hawaufuati huku. Wanafuata milango, ile ya zamani yenye kichwa cha mraba na ile ya upinde iliyoshamiri baadaye, enzi za Sultani Barghash. Wengi pia hulala mjini usiku wa mwisho, bandari na uwanja wa ndege viko karibu. Hao ndio wako.

FundiChokaa:
Bibie, vyumba usiviguse! Upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, kama mita tatu hivi, basi. Ukivunja ukuta wa kati, dari yote ile ya mawe na chokaa itakalia nini?

Na saruji usiikubali, hata fundi akuapie. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga saruji maji yanabaki ndani, na boriti zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani, pasipoonekana. Mabafu ndiyo balaa, maana kila mwenye hoteli anataka bafu kila chumba. Yapange moja juu ya jingine upande wa uani, mabomba yapite nje, yakivuja uyaone siku hiyohiyo.

Beit al-Ajaib, jumba la 1883, upande wake uliporomoka Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki. Hilo la Sultani, seuze letu. Kabla ya nyundo ya kwanza nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ukaombe kibali.

KakaWaPaje *(siye kaka yake, msinishambulie)*:
Huku vyumba vipya vinaota kila mwezi, na vyote vinafanana. Nyumba ya babu usiiuze.

BintiMalindi:
Shikamoo fundi. Jikoni tayari kuna saruji, aliipiga mjomba zamani. Ibanduliwe?

FundiChokaa:
Marahaba. Ibanduliwe, kwa patasi na taratibu, mashine zitatikisa mawe. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke kaskazi nzima. Ila masika yasikukute hujapiga chokaa.