Naomba ushauri: shaka zisizoisha kuhusu mchumba wangu zinaniondolea hisia

Habari zenu wapendwa. Nina mchumba ninayemheshimu na ambaye hajanikosea lolote, lakini kila tunapokuwa karibu akili yangu huanza kunihoji kama kweli ninampenda. Akinishika mkono, badala ya kuufurahia mguso wake, najipima kama moyo umeshtuka, na kadiri ninavyozidi kuzichunguza hisia ndivyo zinavyotoweka, kisha ubaridi huo huo naugeuza kuwa ushahidi kwamba simpendi.

Daktari wa afya ya akili amenieleza kuwa huu ni ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudiarudia, na kwamba tiba yake ni kujizoeza kuiacha shaka ipite bila kuijibu, bila kujipima wala kuomba kuhakikishiwa. Namwamini. Hata hivyo, dawa alizopendekeza, zile zinazoongeza kemikali iitwayo serotonini kwenye ubongo, zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, nami naogopa kuitafsiri hali hiyo vibaya tena.

Mliopitia haya, mliwaelezaje wenzi wenu bila kuwaumiza, na bila maelezo yenyewe kuwa njia nyingine ya kutafuta uhakika? Mahari imeshapangwa, naye ameanza kuniuliza kwa nini ninajitenga.