Nimejipangia ratiba mpya mara tatu, zote zimekufa ndani ya wiki. Nyie mliofanikiwa mlianzaje?

mtu_wa_GMboto

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaninyima raha kabisa. Nina miaka 29, naishi Gongo la Mboto, kazi ipo Posta, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Naamka saa 10 na nusu alfajiri ili nipate siti, maana nikichelewa kidogo tu ni kusimama mpaka mjini. Jioni natoka saa 11 ila kufika home ni saa 2 na nusu, siku nyingine saa 3, foleni ya barabara ya Nyerere mnaijua wenyewe. Naoga, nakula, naingia kwenye neti ya mbu na simu yangu, nasema naangalia video moja nilale, nikija kushtuka ni saa 7 usiku.

Januari nilijipangia kwa daftari kabisa: push-up 100, maji lita 3, kurasa 20 za kitabu, sukari sigusi, simu mwisho saa 3. Nilienda siku 4. Mwezi wa tatu nikaanza upya, siku 6. Juzi tena, siku ya tatu nimepitiliza usingizi nikachelewa kazini.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Wiki iliyopita saa 8 mchana nilikuwa naingiza namba ya kontena, ni herufi 4 na tarakimu 7, nikageuza tarakimu mbili, mfumo ukakataa, nikaandika tena nikakosea palepale, na bosi amesimama nyuma yangu. Hakunifokea, aliniuliza tu "dogo unaumwa?" Niliumia sana aisee, maana kazi yangu naipenda.

ShangaziTabata

Pole mwanangu. Mimi nimefanya unesi miaka 31 na nimestaafu, nikuambie nilivyokuwa nawaambia vijana wanaokuja dirishani wanataka vitamini za uchovu. Piga hesabu. Saa 7 usiku mpaka saa 10 na nusu ni saa 3 na nusu za usingizi. Mtu mzima anatakiwa alale angalau saa 7. Hapo ulipo unadaiwa usingizi wa miezi, halafu unaongeza push-up 100 juu yake, mwili utakubali vipi? Daftari lako funga kwanza, weka kabatini. Mwezi huu usijipangie kitu kingine chochote zaidi ya kulala.

Na usiseme utaiacha simu kwa nguvu ya moyo, utajidanganya mwanangu, usiku ukishachoka nguvu ya moyo inatoka wapi? Nunua kitochi. Kile kisimu cha batani, weka alamu humo, na simu kubwa ichajie mbali na kitanda. Mwanangu wa mwisho ya kwake inalala sebuleni juu ya friji, chaja ameifunga pale pale kwa solotepu haichomoki, akitaka kuangalia video inabidi asimame sebuleni na mbu wanamuuma. Wiki ya kwanza alinuna, sasa hivi saa 4 na nusu unasikia anakoroma.

Swali lingine, mchana unakunywa nini?

mtu_wa_GMboto

Shikamoo shangazi. Ukweli saa 9 mchana huwa nakunywa enaji moja, siku zikiwa ngumu mbili. Bila hiyo siwezi kufika saa 11 macho yakiwa wazi.

ShangaziTabata

Marahaba baba. Basi hapo ndipo usiku wako unapoharibikia. Ile kafeini ya kwenye enaji, ndiyo inayokufanya usisinzie, baada ya saa 5 hivi bado nusu yake inazunguka mwilini, kwa hiyo ukinywa saa 9 mchana, saa 2 usiku bado ipo nusu, na saa 7 usiku bado ipo robo. Unadhani ni simu peke yake inakukesheza. Iwe mwisho saa 6 mchana, na uanze kwa kutoa ile ya pili kwanza usije ukapata kichwa kuuma ukakata tamaa.

Baba_Swaumu

Mkuu mimi nitasema kitu kimoja tu ambacho huwa nakifikiria sana. Ramadhani mtu ambaye mwaka mzima haamki bila kuitwa mara tano anaamka daku siku 29 au 30 mfululizo, anakula usiku wa manane, anaenda kazini, anafunga mpaka magharibi, na hakuandika kwenye daftari wala hakuangalia video ya motisha hata moja. Kwa nini anaweza? Kwa sababu nyumba nzima imeamka. Mke anapasha wali, watoto wanataka na wao waamshwe, jirani unasikia sufuria zake, msikiti unaita. Ukibaki umelala utakuwa peke yako mtaa mzima. Kwa hiyo mimi naona kosa lako ulijipangia peke yako kimyakimya hakuna anayejua, hata ukiacha hakuna atakayekuuliza.

Mimi nilikuwa na kitambi na presha ilishaanza kupanda, nikapimwa 150 kwa 95, nikaogopa kweli maana marehemu mzee wangu alipooza upande mmoja. Tulikubaliana watu wanne wa saf moja msikitini, baada ya swala ya alfajiri hakuna kurudi kitandani, tunazunguka mitaa ya Temeke kwa miguu nusu saa ndio kila mtu anaingia kwake. Usipotokea unagongewa geti. Mwaka wa pili huu. Kuna siku sijisikii kabisa ila nikikumbuka mzee wa miaka 67 ananisubiri pale kwenye ngazi na bakora yake navaa kandambili natoka.

DadaKimara

Nimempenda Baba Swaumu ila jamani na sisi wanawake mtufikirie, mimi saa 11 alfajiri giza lile siwezi kuanza kuzunguka mitaani peke yangu, nilishakabwa mara moja ikaniisha hamu. Ushauri wa "amka mapema ukakimbie" sio wa kila mtu.

Nilichofanya ni kuweka mazoezi ndani ya safari ambayo ningeenda tu. Napanda mwendokasi Kimara mwisho, badala ya kwenda mpaka Posta nashuka Fire namalizia kwa miguu, saa hizo kumeshapambazuka na watu ni wengi barabarani. Natembea haraka haraka, viatu vya ofisini viko kwenye mfuko. Na ofisi iko ghorofa ya 5, lifti nimeisamehe. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sasa ukitembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa siku 5 si tayari hizo hapo? Wewe wa Gongo la Mboto shuka Mnazi Mmoja tembea mpaka Posta. Mvua za masika zikianza mimi huwa napumzisha, zikikata naendelea, sijihesabii dhambi.

fundi_K

Wengi mmeshasema, mimi naongezea la siku. Jamaa umesema siku 4, siku 6, siku 3, unaonekana unategemea tabia ishike haraka. Ile stori ya siku 21 inayozunguka mitandaoni ilitokana na daktari mmoja wa upasuaji Marekani miaka ya 1960, alikuwa anaangalia wagonjwa wake wanachukua muda gani kuzoea sura mpya, wala hakuwa anapima tabia. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL pale London walipima kwa watu 96, kila mmoja akachagua kitu kimoja kidogo cha kula, kunywa au mazoezi na kukifunga kwenye tukio la kila siku, mfano baada ya chai. Wastani wa tabia kushika ukawa siku 66, na kuna waliotumia 18 na wengine hesabu ilifika 254. Na walichokiona ambacho kwangu ndio kikubwa, kuruka siku moja hakuharibu chochote. Wewe ukiruka siku moja unachoma daftari lote.

Na kazini, kama unaweza kumwomba bosi, namba za kontena zote zifanye asubuhi kabla hujafungua WhatsApp, mchana ubaki na kupiga simu na kupeleka makaratasi. Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, nguo za kukata nakata asubuhi tu, mchana nashona. Kitambaa cha mteja ukikikata vibaya hakirudi.

DadaKimara

Halafu mchana usile chipsi mayai na soda ukategemea akili ifanye kazi saa 8. Soda moja ya chupa ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Mama ntilie wapo, chukua ugali maharage na mchicha, maji ya kunywa.

mtu_wa_GMboto

Wakuu nimerudi, leo ni siku ya 12. Kitochi nimenunua. Simu inalala jikoni juu ya ndoo ya unga, siku mbili za kwanza nilikuwa nageuka geuka kitandani mkono unaitafuta. Sasa nalala saa 4 na nusu na nimesogeza kuamka mpaka saa 11 kasoro, nasimama kwenye daladala siku nyingine lakini nasimama nikiwa mzima. Enaji nimebaki na moja na naimaliza kabla ya saa 6. Siku ya 8 nilikesha msibani, kesho yake nikaendelea kama fundi alivyosema.

Kushuka Mnazi Mmoja bado sijaanza. Baba Swaumu, kuna jirani yangu naye anafanya kazi Posta, nimwambie?

Baba_Swaumu

Mwambie leo leo, na kesho mkutane kituoni.