Dell mbili za mtumba za steshenari: nipige Windows 11, nibaki na 10, au nihamie Linux?

MamaSteshenari_RangiTatu

Wakuu habari za kazi. Naombeni ushauri wa mtu anayeijua kazi hii kwa mikono yake, maana mashine hizi ndizo zinazolipa kodi ya fremu na ada za watoto.

Nina steshenari ndogo Mbagala Rangi Tatu. Nachapa, natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na msimu ukifika nawafanyia vijana maombi ya vyuo, ya mkopo na ya Ajira Portal. Kompyuta ni mbili, zote Dell OptiPlex za mtumba.

Ya kaunta ni 7010, Core i5-3470, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Ya pili ni 780, Core 2 Duo E8400, nayo RAM GB 4, bado ina Windows 7. Hiyo anaitumia binti anayenisaidia kuchapa. Chrome yake haipandi tena, na tovuti nyingi za maombi zinamwambia abadilishe brauza.

Ya kaunta imeanza kuniletea ujumbe kwamba Windows 10 haipewi tena ulinzi na kwamba mashine haikidhi vigezo vya Windows 11. Nikaenda duka moja mjini, wakaniambia zote mbili ni za kutupa, ninunue yenye prosesa ya kizazi cha nane, laki saba moja. Mimi nina laki mbili na nusu tu. Kuna kijana hapa mtaani anasema atanipigia Windows 11 hivyohivyo kwa kuruka vigezo, elfu kumi na tano kwa mashine. Je, ni salama?

Printa zangu ni HP LaserJet P1102 na Epson L3110. Kadi za michango na ratiba za misiba nazitengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Na shida kubwa ya kila siku ni uzito: nikiwasha asubuhi, nafagia, napanga karatasi, namhudumia mteja wa kopi, ndipo Word inafunguka.

Nawasilisha.

---

kijana_wa_Mint

Dada, hamia Linux Mint zote mbili, mfumo unaokaa mahali pa Windows, na ulale usingizi. Ni bure, toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029, na halikuulizi chipu ya usalama ya TPM wala kizazi cha prosesa. Mimi nipo Sinza, laptop yangu ni ya 2011 na inakwenda vizuri kabisa. Windows achana nayo.

---

FundiAggrey

Dada yangu, pole na hongera kwa kueleza vizuri. Wengi wanakuja hapa na "kompyuta yangu nzito nifanyeje", hawataji hata modeli.

Kijana hapo juu yuko sahihi kwa mashine moja na si kwa nyingine. Hizo Dell zako zinafanana kwa nje tu, ndani zina tofauti kubwa, kwa hiyo kila moja ina jibu lake.

Kabla ya yote, fanya jambo moja. Kesho asubuhi washa ya kaunta, fungua Word kama kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye asilimia za prosesa, RAM na diski. Zitazame wakati Word inahangaika, halafu uje uniambie. Usitoe hata shilingi kumpa mtu kabla ya hapo.

Sasa vigezo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft walitaka chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayokagua mfumo mashine inapowaka), RAM GB 4, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. 7010 yako ni ya 2012, kizazi cha tatu, na TPM yake ni 1.2. Ndiyo maana inakataliwa. Lakini kukataliwa huko ni kwenye karatasi. Prosesa yenyewe ina viini vinne halisi na ina kila amri ambayo Windows 11 inaihitaji ili iwake. Ukitengeneza flashi kwa Rufus, programu yenyewe inakuuliza kama unataka kuondoa ukaguzi wa TPM, Secure Boot na RAM. Unaweka tiki, unaipiga, inakubali. Kijana wako wa mtaani hakudanganyi.

780 ni habari nyingine. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inatumia amri za prosesa ziitwazo POPCNT na SSE4.2. Kwenye Core 2 Duo amri hizo hazimo. Hapo hakuna tiki ya kuweka wala ujanja wa kuruka, mashine haitawaka tu. Mtu akikwambia anaiwekea Core 2 Duo Windows 11 mpya, au hajui, au anakupigia toleo la zamani ambalo nalo limeshaishiwa muda wake. Usimpe pesa.

Kuhusu usalama uliouliza, kuna mambo matatu.

Kwanza, Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi vigezo kwa kawaida inapokea apdeti za kila mwezi, ila Microsoft hawajaahidi kwamba itaendelea hivyo. Toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi urudie kazi ya flashi. Ukipiga 25H2 leo, hilo lina muda mpaka Oktoba 2027. Mweleze kijana kabisa kwamba unataka 25H2 na kwamba utamhitaji tena baadaye.

Pili, na hapa nakuomba unisikilize sana: asikuwekee zile programu za kuamsha Windows kwa kuvunja leseni. Nyingi zinataka uzime kinga ya virusi kwanza, na watu wanazima! Kama Windows 10 yako imeamka kihalali, leseni imefungwa kwenye bodi ya mashine, na 11 ya aina ileile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, itaamka yenyewe ukiunganisha intaneti. Nenda kwenye Settings ukaangalie aina uliyonayo kabla hajagusa kitu.

Tatu, hulazimiki kuhama leo. Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025, lakini kuna mpango wa kuongezewa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi kitu. Usipotaka hivyo ni dola 30. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2. Kiungo cha kujiunga kinatokea palepale penye Windows Update, na hata ukijiunga kwa kuchelewa unapewa zilizopita.

Kwa nini nakazania apdeti? Kwa sababu ya kazi yako. Kompyuta ya nyumbani inachomekwa flashi ya mwenyewe. Ya kwako kwa siku inachomekwa flashi za nusu ya Rangi Tatu, na ndani yake mmejaa vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na nywila za akaunti za mikopo za watoto wa watu. Windows 7 ilikoma Januari 2020, na Chrome ya mwisho kwake ni ya 109, ya mwanzo wa 2023. Hiyo 780 mimi nisingeiachia flashi ya mteja hata moja kwa hali iliyopo sasa.

---

MamaSteshenari_RangiTatu

Fundi ubarikiwe. Nimefanya ulivyosema. Word ikiwa inahangaika, prosesa inacheza kwenye asilimia 9 mpaka 15. RAM 81. Diski imeganda kwenye 100, ina rangi nyekundu, haishuki mpaka muda mrefu sana. Nimempigia picha mume wangu, naye kashangaa.

---

FundiAggrey

Basi umeshajijibu. Prosesa inakaa bure ikisubiri diski. Hata ukipiga Windows 11 juu ya diski hiyo utapata uzito uleule wenye sura mpya, na yule wa laki saba alikuwa anakuuzia prosesa ambayo huihitaji.

Nunua SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inakutosha, na RAM ya DDR3 ya kompyuta ya mezani, GB 4 nyingine au 8. Zingatia, DDR3 ya mezani, siyo ile fupi ya laptop. DDR4 haiingii, mkato wake uko sehemu nyingine. RAM za mtumba zipo tele Kariakoo na nyingi hazina shida, ila mwambie muuzaji aichomeke na kuiwasha mbele yako. SSD nunua mpya. Diski yako ya zamani usiitupe, iweke kwenye boksi la USB ihifadhi kazi za wateja.

Hesabu ya SSD na RAM ya kaunta inaingia vizuri ndani ya laki mbili na nusu yako, na kinachobaki kinatosha SSD ndogo ya 780.

---

kijana_wa_Mint

Sawa fundi, kwenye Core 2 Duo tumekubaliana. Ila kwa nini kaunta isiwe Mint pia? LibreOffice, ile ofisi ya bure, inafungua faili za Word.

---

FundiAggrey

Kwa sababu ya Publisher, mdogo wangu. Haipo kwa Linux. LibreOffice Draw inaweza kufungua faili la Publisher, lakini kadi ya mchango yenye picha ya marehemu na maandishi yaliyozungushwa inafunguka imesambaratika, na mteja amesimama kaunta anasubiri nakala mia mbili. Mtu anayekula kwa siku huwezi kumwambia avumilie.

Tena hata Word yenyewe, tatizo ni fonti. CV imechapwa kwa Calibri, ukiifungua kwenye mashine isiyo na Calibri mistari inasogea, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari miwili. Dawa ipo: hakikisha fonti ya Carlito imo, herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri. Liberation Serif nayo inakaa mahali pa Times New Roman bila kusogeza kitu. Kwa binti anayechapa barua na kujaza maombi kwenye brauza, hiyo inatosha kabisa.

Dada, kwa hiyo 780 chukua Mint ya Xfce, ndiyo nyepesi. Uzuri wake unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwenye Dell bonyeza F12 inapowaka tu, chagua flashi. Ikifunguka, unganisha intaneti, ingia Ajira Portal, chomeka printa, toa karatasi moja. P1102 inataka kipande cha ziada ambacho programu ya HP inakipakua yenyewe, kwa hiyo uwe na bando. L3110 Epson wana draiva yake ya Linux, pamoja na ya skana. Ikikubali vyote ndipo uisimike. Ikikataa, zima, toa flashi, Windows yako ipo palepale.

---

mhariri_harusi

Samahani kuingilia. Nina MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, imeishia toleo la macOS la Catalina. Kuna tumaini?

---

FundiAggrey

Lipo. OpenCore Legacy Patcher inaipeleka mpaka Sequoia. Ila jua kinachofanyika: Apple waliondoa draiva za grafiki ya HD 4000 kuanzia Monterey, na programu hiyo inazirudisha kwa kufungua sehemu ya mfumo ambayo kwa kawaida imefungwa. Kwa hiyo kila apdeti ya macOS unarudia kuweka viraka, na apdeti inashuka nzima, GB nyingi, andaa bando la maana. Bila SSD na RAM GB 8 usianze. Na kama diski inapotea mara kwa mara, angalia kwanza waya bapa wa diski, modeli hiyo inajulikana kwa waya kufa. Kazi za harusi za watu zitoe zote kabla hujagusa chochote. Fungua uzi wako tuendelee huko.

---

MamaSteshenari_RangiTatu

Nimerudi na majibu. Kaunta nimeweka SSD na RAM imefika GB 8, nimebaki na Windows 10 na nimejiunga na apdeti za nyongeza bila kulipa. Sasa nikiwasha, kabla sijaokota ufagio Word iko tayari. Kijana nimekubaliana naye atanipigia 25H2 msimu wa maombi ukipita, bila kuvunja leseni, na nimemwonyesha maneno yako ameyakubali.

780 ina Mint. Binti aliogopa mwanzoni, sasa anachapa. P1102 imekubali. Kitu kimoja tu: umeme ukikatika, ukirudi, tovuti zote zinagoma zikisema muunganisho si salama. Baadaye ikikaa sana mtandaoni inapona yenyewe. Ni Mint ina tatizo?

---

FundiAggrey

Mint haina kosa, tazama saa ya kompyuta hapo hapo inapogoma. Itakuwa imerudi nyuma miaka. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, brauza ikiona leo ni mwaka ambao cheti hakijatolewa, inakataa. Inapona kwa sababu Mint inachukua saa sahihi kutoka mtandaoni baada ya muda.

Ni betri ya bodi imekufa, ile bapa ya mviringo, CR2032, hata maduka ya saa wanauza. Chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu, itoe kwa ukucha kwenye kishikio, weka mpya maandishi yakitazama juu. Ukiwasha bonyeza F2, weka tarehe na saa, hifadhi, toka. Ya kaunta nayo ni ya umri huohuo karibu, nunua mbili.